UZI: Kuchagua kinga ya masikio ya kielektroniki kwa shabaha na uwindaji

Shabaha_Mbali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Maswali kuhusu hedifoni za kinga za kielektroniki yanajirudia kila mara: ipi inakinga zaidi, namba za kwenye boksi zina maana gani, na kwa nini ya bei kubwa wakati mwingine ina namba ndogo kuliko ya bei rahisi. Tuyaweke yote hapa. Naanza na jambo ambalo likieleweka, mengine yanakuwa mepesi.

Umeme hauzuii mlio wa risasi. Kinachozuia ni plastiki ya kikombe, sponji iliyojazwa ndani yake, na pedi inayogandamana na ngozi kuzunguka sikio. Maikrofoni ya nje inachukua sauti ndogo, kama maneno ya msimamizi wa uwanja, majani yanayokanyagwa au mwenzako anayenong'ona, na spika iliyo ndani ya kikombe inazifikisha sikioni. Mlio ukija, saketi inabana au kukata kile kinachotolewa na spika. Kazi yake inaishia hapo. Betri zikifa katikati ya shughuli, unapoteza kusikia lakini kinga inabaki ileile ya plastiki na pedi.

Ndiyo maana nasema chagua kwanza kinachoziba vizuri kwenye kichwa chako na kwenye bunduki yako, halafu ndipo uangalie maikrofoni na vifungo. Wengi wanafanya kinyume.

Ukubwa wa tatizo: bunduki ndogo ya .22 inafika karibu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 140 za kilele. Bastola, bunduki za marisau na raifo za risasi kubwa zinacheza kati ya 150 na 170. Kilele cha 140 ndicho kikomo kinachotumika sana katika miongozo ya usalama kwa watu wazima. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo: zikiongezeka 10, nishati imekuwa mara 10, zikiongezeka 20, mara 100. Raifo ya 160 si "juu kidogo" ya 140.

Seli zenye vinywele ndani ya koklea (kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio) zikifa hazioti tena. Uharibifu wa milio ya bunduki huanzia kwenye masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000, na humo ndimo zinamokaa sauti kama s, f, sh na th. Mtu anasikia kwamba unaongea, ila maneno hayashiki. Anayepigia bega la kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, kwa sababu limeuelekea mdomo wa mtutu huku la kulia likikingwa na kichwa chenyewe.

---

FundiSaketi

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa saketi, maana hapo ndipo matangazo yanapowapotosha watu.

Kuna aina mbili za kushughulikia mlio. Ya kwanza inakata: sauti ikivuka kikomo, spika inanyamaza kabisa kwa sehemu ya sekunde, kisha inarudi. Kwenye uwanja wenye watu wengi wanaopiga kwa kupishana, utajikuta unasikia vipande vya maneno tu. Msimamizi akisema "Sitisha!" katikati ya milio miwili, neno linaweza kumezwa lote. Ya pili inabana: sauti kubwa inashushwa hadi kiwango salama, mara nyingi karibu desibeli 82, lakini spika inaendelea kufanya kazi. Unasikia risasi kama kishindo kidogo na maneno yanapita. Ukiweza, chukua ya kubana.

Muda wa saketi kuitikia, unaoandikwa kwa milisekunde kwa maandishi makubwa, msiupe uzito sana. Spika ndogo ya ndani haina uwezo wa kutoa kilele cha 140 hata ikitaka. Mlio unaokudhuru unapita kwenye pedi iliyoachama, kwenye plastiki na kwenye mifupa ya fuvu. Saketi inayochelewa inaleta kero ya mlipuko mdogo masikioni, lakini haiwi tundu kwenye kinga yako.

Cha kuangalia zaidi ni maikrofoni. Ziwe mbili, kila kikombe na yake, na kila moja ilishe spika ya upande wake. Zile zenye maikrofoni moja inayolisha pande zote mbili zinakunyima kujua sauti inatoka kulia au kushoto. Halafu sikiliza mchirizo: washa mahali penye ukimya, panda hadi robo tatu ya sauti. Saketi dhaifu ina "shhhh" ya kudumu ambayo ndani ya saa mbili inachosha kichwa, na kwa mwindaji inafunika hasa zile sauti ndogo alizonunulia kifaa.

Na tundu la waya la kuunganisha redio au simu: kwenye baadhi ya modeli sauti inayoingia humo haipiti kwenye kikomo cha 82. Muziki ukiwa juu unaweza kukudhuru ukiwa umevaa kinga.

---

Mgeni_Uwanjani

Asanteni sana wakuu. Naomba ufafanuzi wa namba. Boksi moja limeandikwa NRR 22, jingine SNR 28. Hiyo ya 28 ndiyo bora? Na bunduki ninayoilenga ni raifo ya risasi kubwa yenye breki ya mtutu.

---

Shabaha_Mbali

Huwezi kuzilinganisha moja kwa moja, ndugu. Zote zinaonyesha desibeli ambazo kinga inapunguza: NRR ni kipimo cha Marekani, SNR ni cha Ulaya chini ya viwango vya EN 352. Njia za kupima na kukokotoa zinatofautiana, na kwa kifaa kilekile SNR kwa kawaida hutoka juu kwa desibeli kadhaa. Mfano ulio wazi ni vizibo vya sponji vya Max vya kampuni ya Howard Leight: NRR 33, SNR 37, na ni kizibo kilekile. Linganisha NRR kwa NRR, SNR kwa SNR.

Pili, namba hizo zimepimwa maabara, kwa watu waliovalishwa vizuri, kwa kelele endelevu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza kupunguza asilimia 25 ya NRR kwa kinga za vikombe na asilimia 50 kwa vizibo vya sponji ili kukaribia hali halisi. Kipo pia kipimo cha Marekani kilichotengenezwa kwa ajili ya milipuko, ANSI S12.42, kinachojaribu kinga kwa vilele vya takriban 132, 150 na 168. Mtengenezaji akitoa matokeo hayo, yasome kabla ya NRR.

Sasa raifo yako. Breki ya mtutu inageuza gesi pembeni na nyuma, kwa hiyo mpigaji na jirani yake wanapokea kelele zaidi. Tuseme kilele ni 165. Kwa makadirio ya lebo tu: 165 kutoa 22 ni 143. Umebaki juu ya 140 hata kabla ya kupunguza chochote kwa miwani au uvaaji mbaya. Kwa bunduki hiyo vaa kinga mbili: kizibo cha sponji ndani, hedifoni juu.

Namba za kinga mbili hazijumlishwi. Unachukua iliyo kubwa na kuongeza takriban 5. NRR 33 na NRR 22 zinakupa kama 38, si 55. Zaidi ya hapo sauti inapita kwenye mifupa ya fuvu, na hakuna kifaa cha masikioni kinachoizuia.

Raha ya kielektroniki ndiyo hii: ukiwa na kizibo ndani, pandisha sauti ya hedifoni juu. Spika inasukuma maneno kupita kizibo na unaendelea kuelewa maagizo. Hedifoni ya kawaida haikupi hilo.

---

Dada_Mlengaji

Hapo kwenye vizibo vya sponji nisisitize uvaaji, kwa sababu wengi wanavichomeka nusu na kuamini wana 33.

Mikono iwe safi. Viringisha kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba kabisa, bila mikunjo. Peleka mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia ya sikio inyooke, ingiza haraka, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole sekunde 30 mpaka kitanuke. Ukiwa na mikunjo, kila mkunjo ni mfereji wa sauti. Kuhakiki: funika masikio kwa viganja ukiwa kwenye kelele endelevu, kisha achia. Ukisikia tofauti kubwa, kizibo hakijakaa, kitoe uanze upya. Mtu akikutazama usoni moja kwa moja na kuona kizibo kimetokeza nje, vivyo hivyo.

---

Nyayo_Porini

Natia neno upande wa uwindaji, maana mahitaji ni tofauti na ya uwanjani.

Tatizo la kwanza ni shavu. Ukilaza shavu kwenye kitako cha raifo, ukingo wa chini wa kikombe unagonga kitako na kuinuliwa. Pengo linafunguka chini ya sikio dakika ileile unayovuta kifyatulio. Hedifoni yenye namba kubwa huwa na vikombe vinene, na ndiyo huinuliwa zaidi. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la mwanzisha uzi kuhusu bei kubwa na namba ndogo: vikombe vyembamba vilivyokatwa upande wa chini vina plastiki na sponji kidogo, kwa hiyo namba inashuka, lakini vinabaki vimeziba ukiwa umelenga. Kwenye bastola shavu halihusiki, chukua vinene bila wasiwasi. Howard Leight wana mfano wa pande zote mbili: Impact Sport ni nyembamba yenye NRR 22, Impact Pro ni nene yenye NRR 30. Ya kwanza inakaa vizuri kwa bunduki ndefu, ya pili kwa bastola na kumbi za ndani.

Tatizo la pili, miwani. Mkono wa miwani unapita chini ya pedi na kuacha pembetatu ya hewa mbele na nyuma yake. Desibeli kadhaa zinapotea hapo, na ukipiga bila miwani ya kinga umehatarisha macho. Tumia miwani yenye mikono bapa na myembamba, na badilisha pedi za kawaida za sponji kwa pedi za jeli. Jeli inatiririka kuzunguka mkono wa miwani, na pia haibani mfupa wa kichwa ukivaa saa nyingi. Hakikisha tu modeli yako inauziwa pedi hizo. Kofia nayo, au kitambaa chochote cha kichwa, kisikae kati ya pedi na ngozi.

Tatizo la tatu, mwelekeo. Hata zenye maikrofoni mbili zinakupa kulia na kushoto tu. Juu na chini, mbele na nyuma, ubongo huvijua kwa mikunjo ya sikio la nje, na kikombe kimeifunika. Sauti ya tawi kuvunjika nyuma yako inaweza kuonekana iko mbele. Geuza kichwa polepole pande mbili na usikilize tena kabla ya kuamua. Na kamwe usielekeze mtutu kwa kufuata sauti ya hedifoni peke yake.

Mwisho upepo. Maikrofoni zisizo na sponji ya kuzuia upepo zinavuma kiasi kwamba mtu anazizima. Angalia kama maikrofoni zimezama kwenye kikombe na zimefunikwa. Ukiwa unatembea, shusha sauti, la sivyo nguo zako na majani yatakujaa masikioni. Ukikaa kusubiri, pandisha.

---

Kimya_Kimya

Nyayo, kwa hayo yote uliyoyataja (shavu, miwani, kofia) si bora kuachana na vikombe na kuchukua vile vidogo vya kielektroniki vinavyoingia sikioni? Haviguswi na kitako, havitoi jasho.

---

Nyayo_Porini

Kwa raifo na bunduki ya marisau kwenye joto, nakubali. Ila uzibaji wote unategemea ncha moja ndogo. Boksi linakuja na ncha za saizi tofauti kwa sababu hiyo. Zijaribu zote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Baada ya kuvaa, tafuna na funua mdomo mara kadhaa. Taya ikisogea, njia ya sikio inabadilika umbo, na ncha isiyofaa inaachia. Ukiona kinaachia, saizi hiyo siyo.

Ukitaka kudumu nacho, mtaalamu wa usikivu anaweza kuchukua umbo la sikio lako na kukutengenezea cha kwako. Kumbuka sikio hubadilika, hasa mtu akipungua au kuongezeka uzito, na kitahitaji kutengenezwa upya.

---

FundiSaketi

Na betri zake. Vingi vya sikioni vinatumia betri ndogo za zinki na hewa, zilezile za vifaa vya kusaidia kusikia: saizi 10 ina kibandiko cha njano, 312 kahawia, 13 rangi ya chungwa. Ukibandua kibandiko hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata kifaa kikiwa kimezimwa. Kukirudisha hakuokoi kitu. Bandua, subiri dakika moja au mbili, ndipo uweke. Baridi kali inazidhoofisha. Kwa wawindaji wa siku kadhaa hii ni hoja ya kuchagua vyenye betri ya kuchaji, au kubaki na vikombe vya AAA.

Kwenye vikombe, AAA za lithiamu zinastahimili baridi kuliko za alkalini na hazivuji kwa urahisi. Za kuchaji za volti 1.2 zinafanya kazi kwenye hedifoni nyingi, soma kitabu chake. Tafuta modeli inayojizima yenyewe. Impact Sport, kwa mfano, hujizima baada ya saa 4 usipogusa kitufe.

Betri zikivuja, zile chembe nyeupe futa kwa kijiti cha pamba chenye siki au maji ya limau kidogo, kisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Ukikuta chuma kimeliwa hadi chini, usihangaike nacho.

---

Mgeni_Uwanjani

Swali jingine: kuna mtu ameniambia hedifoni za muziki zinazofuta kelele zinatosha, kwa kuwa zimetengenezwa kuzuia kelele.

---

FundiSaketi

Hapana, na mwambie aache leo. Hizo zinafuta mvumo endelevu wa masafa ya chini, kama injini ya ndege, kwa kutoa wimbi linalopingana nao. Mlio wa risasi unafika kileleni kabla ya hesabu hiyo kufanyika. Kikombe chake hakikupimwa kama kinga. Kama boksi halina NRR, au SNR pamoja na alama ya EN 352, siyo kinga ya bunduki.

---

Dada_Mlengaji

Kabla ya kulipa, fanya hivi dukani. Vaa ukiwa na miwani yako ya kupigia, washa, panda sauti nusu. Mwenzako asimame nyuma apige makofi karibu na kikombe kimoja kisha kingine: sauti ikipotea kabisa ni ya kukata, ikishuka tu ni ya kubana. Inamisha kichwa kama umelaza shavu, ukibonyeza kitu kigumu mahali pa kitako, usikie kama pedi inaachama. Tikisa kichwa, vikombe vikiteleza, ukanda ni mlegevu mno kwako. Kaa nayo dakika 15 angalau. Inayobana kichwa leo utaivua uwanjani kesho kati ya mlio na mlio, na risasi moja ya jirani inatosha kuleta mlio wa kudumu masikioni.

Matunzo nayo ni machache. Pedi zinakakamaa na kupasuka kwa jasho na jua. Zibonyeze, zisiporudi haraka au zikiwa na ufa, badilisha pamoja na sponji za ndani. Anayevaa sana afikirie kila miezi 6 hadi 12. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, usizamishe. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET inayeyusha plastiki na kuharibu pedi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kugusa hedifoni. Usiihifadhi ikiwa imevutwa kwenye kitu kipana, ukanda utalegea, wala kuiacha nyuma ya kioo cha gari juani.

---

Kimya_Kimya

Bunduki ikiwa na kizuia sauti, bado zinahitajika?

---

Shabaha_Mbali

Ndiyo. Kizuia sauti kinaondoa takriban desibeli 20 hadi 35 kwenye mdomo wa mtutu. Raifo ya 165 inashuka hadi 130 au 145, kutegemea bunduki na risasi. Mpasuko wa risasi inayopita kasi ya sauti hakiugusi hata kidogo, maana unatokea njiani. Faida yake ni kwamba hedifoni moja nyembamba sasa inakutosha pale ambapo ungehitaji kinga mbili.

Kumbi za ndani ni kinyume chake: mwangwi wa kuta unarudisha kila mlio, pamoja na wa majirani. Humo vaa mbili hata kwa bastola.

---

Baba_Wawili

Samahani kuchelewa kwenye uzi. Mtoto wa miaka tisa anayekuja kutazama tu, avae zipi? Na mzee anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia, akizima si kinamziba tayari?

---

Dada_Mlengaji

Karibu, baba. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha chini zaidi, kilele cha 120 badala ya 140, kwa hiyo kukaa pembeni peke yake hakumkingi. Hedifoni za watu wazima zina ukanda mrefu. Hata ukifungwa hadi mwisho, vikombe vinaning'inia na pedi ya chini inaachama kwenye taya. Tafuta za saizi ya mtoto hata kama hazina umeme. Vizibo vya watu wazima vingi ni vinene kwa sikio lake, vipo vidogo. Asimame nyuma ya mpigaji, mbali, kamwe si pembeni ya mtutu, na hasa si karibu na breki ya mtutu.

Kwa mzee, kifaa kilichozimwa hakizibi. Vingi vina tundu la hewa na hakuna kilichopimwa kwa mlio wa bunduki. Akizime au akitoe, avae hedifoni ya kielektroniki yenye vikombe vikubwa juu, na sauti aipandishe humo. Akikiacha kimewaka ndani ya kikombe kinaweza kuanza kupiga mluzi, kwa sababu maikrofoni yake inasikia spika yake yenyewe kwenye nafasi iliyofungwa.